Mtani Wangu wa Meza ya Dirishani

Usifungue mlango wa oveni. Wanangu, mkisahau mengine yote nitakayowaambia, hilo likumbukeni, maana limeniliza mara nyingi kuliko mapenzi.

Katibu wenu wa vijana wa kanisa alinipigia simu akaniomba niwaandikie maneno ya hekima kuhusu ajira. Nikamwambia hekima sina, nina mapishi na kisa kimoja. Akasema, "It's okay, Bibi, anything." Haya, pokeeni hicho chochote.

Kazi yangu ilikuwa kupika chakula cha mchana cha Jumapili kwenye baa ya Kiingereza pale Weston, huku Toronto, mwendo mfupi kutoka kwenye ghorofa letu lile la mtoni. Nyama ya ng'ombe ya kuoka, viazi vya kuoka, karoti, kabichi, grevi, yaani mchuzi mzito wa nyama, na juu ya vyote pudini. Pudini hiyo si tamu. Ni unga, mayai, maziwa na chumvi, vinakorogwa mpaka viwe kama uji mwepesi, vinalala kwenye friji, halafu asubuhi unavimwaga kwenye vikombe vya bati vyenye mafuta ya ng'ombe yanayotoa moshi. Mafuta yasipotoa moshi, usijisumbue. Vikiingia ovenini vinavimba kama mtu aliyetukaniwa mama yake, kisha vinabonyea katikati, na kile kishimo ndicho kinachojazwa grevi. Ukifungua mlango kabla ya wakati, hewa baridi inaingia na vyote vinalala chini. Havisimami tena hata uviombee.

Mtaniuliza Msabato alifuata nini baa. Hata wazee wenu waliuliza, tena kwa sauti kubwa. Jibu ni fupi. Nilipofika Toronto kila jiko nililobisha hodi lilitaka nifanye kazi Jumamosi. Nikisema Jumamosi niko kanisani, wananionyesha mlango kwa adabu nyingi. Watu wa huku wanajua kukukataa huku wakikutakia siku njema. Bwana Tom, mwenye baa, shida yake ilikuwa kinyume. Wapishi wake wote walikunywa Jumamosi usiku na Jumapili asubuhi hakuna aliyeweza kushika kisu. Akaniuliza kwa woga kama Jumapili naweza. Nikamwambia Jumapili ndiyo Jumatatu yangu. Akaniajiri kabla hajaniuliza kama najua kupika.

Kwa hiyo muelewe mapema: ile ndiyo kazi pekee iliyoniachia Sabato yangu. Kuipoteza ingekuwa kuchagua kati ya Mungu na kodi ya nyumba, na wote wawili hawapendi kucheleweshwa.

Mzee mmoja wa kanisa, simtaji kwa sababu mnamjua, alinikemea mbele ya watu kwa kupikia walevi. Jumapili iliyofuata akaingia baa na mkewe na watoto, akaniambia amekuja kukagua mazingira. Aliyakagua mazingira sahani mbili. Katikati ya ukaguzi mkewe akafungua pochi, akatoa chupa ya pilipili.

Baa yenyewe ilikuwa na jina la mfalme ambaye hakuna mteja aliyejua alitawala lini. Dari lilikuwa na mihimili mikubwa ya mbao nyeusi, ya zamani kweli kweli, mpaka siku nilipoigonga kwa mpini wa ufagio nikifuata buibui, ikalia kama debe tupu. Ilikuwa plastiki. Kabla ya kuwa baa palikuwa pa dobi. Ukutani palikuwa na picha ya wanaume wenye makoti mekundu wanaomkimbiza mbweha kwa farasi, na wateja waliitazama kwa majonzi kama vile ni shamba la ukoo lililouzwa, ingawa wengi walizaliwa Scarborough, hapahapa Toronto. Walikaa viti vilevile kila Jumapili. Mgeni akikalia kiti cha mtu, hakuna aliyemwambia kitu, lakini wote walimtazama mpaka akahama. Nilijisikia niko kanisani.

Tusiwacheke sana lakini. Sisi nasi kwenye sherehe ya Uhuru tunakodi ukumbi, tunatundika ukutani vitenge vilivyotoka China, tunakula pilau la mpishi wa Sri Lanka, halafu tunalia machozi tukisema, "Nyumbani, nyumbani."

Aliyenifundisha ni Bi Gloria, Mjamaika, mama mnene mwenye mikono ya fundi seremala. Alinifundisha kuvitikisa viazi ndani ya sufuria baada ya kuvichemsha, vikwaruzike pembeni, ndipo viwe vikavu vya kuvunjika vikiokwa. Alinifundisha kuiacha nyama ipumzike ikitoka motoni. "Nawe ungetoka kwenye moto ungependa watu wakusubiri kidogo," alisema. Na alinikataza kufungua mlango wa oveni. Jumapili yangu ya kwanza nikaufungua. Nilitaka tu kuona.

Bi Gloria hakunifokea. Alizitazama pudini zilivyolala, akanifunga aproni safi, akanituma meza kwa meza kutangaza msiba mimi mwenyewe. Watu walikuwa wapole. Walisema hakuna shida, kwa uso wa mtu mwenye shida. Nikafika meza ya dirishani. Palikaa mzee mrefu, mwembamba, kofia yake ya sufu imetundikwa kwenye msumari juu ya kichwa chake. Huyo ndiye Mzee Alfi. Alizungumza kwa puani, Kiingereza cha malkia mwenye mafua. Aliigonga pudini kwa uma, ngo, ngo, akasema:

"Rudisha jikoni. Mwambie mpishi nimeomba chakula, ameniletea soli ya kiatu."

Nikamwambia, "Mpishi ni mimi. Na kwa meno hayo ulitaka nikuletee kiatu kizima?"

Nchi hii mteja hajibiwi. Mteja anaweza kukuambia chakula chako kimemuua mjomba wake, nawe ukamshukuru kwa maoni. Bwana Tom alikuwa anamimina bia, ikafurika mpaka kwenye kiatu chake. Mzee Alfi hakucheka. Hakukasirika pia. Alinitazama sana, akavuta sahani, akala ile soli yote, akavaa kofia, akaondoka akivuta mguu wa kushoto, bila kuaga.

Sasa nyinyi mliokulia huku hamjui utani, mnajua vichekesho tu, kwa hiyo ngoja niwaeleze. Mimi ni Mpare wa Same. Mchaga ni mtani wangu. Akikutana nami anaweza kuniambia Wapare tunauza ng'ombe tuendeshe kesi ya kuku, nami naweza kumwambia Mchaga akizimia hamwagiwi maji, unaangusha sarafu karibu na sikio. Hakuna kununa. Utani unatokana na watu waliopigana zamani wakachoka, wakaona heri kutukanana. Na mtani ana kazi kubwa kuliko kutukana. Msibani, ndugu wakiwa wameishiwa nguvu, mtani ndiye anayevaa koti la marehemu, anatembea kama yeye, anasema kama yeye, anazuia hata chakula kisiliwe mpaka akombolewe kwa kitu. Alipozikwa baba yangu, mtani wetu Mchaga alikaa juu ya kifuniko cha sufuria la wali akasema Wapare hatuli mpaka tumrudishie jogoo aliyempoteza kwenye kesi na marehemu. Mama yangu alikuwa hajafumbua mdomo siku nzima. Alicheka. Sijasahau.

Basi nilipokuwa narudi na sahani ya Mzee Alfi nilijiambia: huyu ni Mwingereza, Waingereza walitutawala, tukagombana, tukachoka. Ana haki zote. Huyu ni mtani.

Bwana Tom hakuielewa hesabu hiyo. Aliniita stoo, katikati ya mapipa, nikamweleza Wapare na Wachaga, akasikiliza kwa subira, kisha akasema, "Nakunda, hapa hakuna makabila. Kuna wateja. Ukimtukana tena mteja yeyote, usije Jumapili inayofuata."

Aliyekuwa akipeleka sahani mezani ni Bwana Kajetani, Mgoa wa Nairobi, karani mstaafu, Mkatoliki anayekuja kazini ametoka misa ya kwanza na kizibao cheusi kilichopigwa pasi. Yeye naye alinionya, kwa njia yake.

"Mama, wewe unajidanganya bana. Huyu mzee hakupendi. Hapana utani hapa. Ni roho mbaya tu."

"Mbona amerudi?" nikamuuliza, maana wiki ya pili alikuwa amekaa palepale dirishani.

"Amerudi kukufukuzisha."

Pudini wiki ile ilitoka nzuri, imesimama. Kajetani akairudisha. "Anasema hii ni ndogo. Anauliza kama ulipika kwa ajili ya panya."

Mdomo wangu ulikuwa umefungwa na Bwana Tom, lakini mikono ilikuwa huru. Nikamimina uji kwenye bati la keki. Ikatoka pudini kubwa kama kofia ya askofu, ikamfunika mzee mpaka Kajetani hakumwona usoni. Alikula yote. Wiki nyingine akasema imeungua, nikampelekea nyeupe kama kamasi. Akasema nyeupe, nikampelekea nusu imeungua, nusu mbichi, achague. Siku aliporudia ile ya soli ya kiatu, nilichukua majani marefu ya kitunguu, nikatoboa pudini matundu pembeni, nikaipitishia majani kama kamba za kiatu, nikafunga na fundo. Tulichungulia kwenye kidirisha cha jikoni, mimi na Kajetani. Mzee Alfi aliifungua ile kamba taratibu kama mtu aliyetoka kazini, akala kiatu, akala na kamba.

"Sasa?" nikasema.

"Alikuwa na njaa," akasema Kajetani.

Hivyo miaka ikaenda. Bi Gloria alistaafu, jiko likawa langu, dunia ikabadilika. Mwanzoni mteja aliagiza nyama iliyoiva sana au iliyoiva kidogo, basi. Baadaye wakaanza kupiga picha chakula kabla ya kusali, halafu hawasali. Akaja kijana mmoja akataka pudini isiyo na mayai, isiyo na maziwa, isiyo na unga wa ngano. Nikamwambia Kajetani ampelekee kile kishimo cha katikati. Kajetani, kwa kuwa aliwahi kuwa karani, alikwenda akamwambia kijana kwa lugha ya ofisi kwamba ombi lake linashughulikiwa.

Ndipo Bwana Tom akagundua pudini za boksi. Zinatoka kiwandani zimegandishwa, unazipasha moto, zote zinafanana kama vifungo vya shati. Akasema zitapunguza kazi. Jumapili ya kwanza ya boksi nilisimama kidirishani nikisubiri mvua ya matusi kutoka meza ya dirishani. Kwa mara ya kwanza, nilitamani mteja arudishe chakula.

Mzee Alfi aliigonga, akainusa, akala. Akamaliza. Akaweka uma na kisu vizuri upande mmoja wa sahani, akamwambia Kajetani asante, akaondoka mapema.

"Umeona?" akasema Kajetani, si kwa ubaya. "Leo amepata anachopenda."

Niliumia, wanangu. Nilifika nyumbani nikamweleza mume wangu, akaniuliza tatizo ni nini kama mteja ameridhika, nikamwambia hajui kitu. Usiku ule nilifikiri kwamba pengine Kajetani alisema kweli tangu mwanzo. Pengine kwa miaka yote nilikuwa nikijichekesha mwenyewe, na yule mzee alikuwa mtu tu asiyependa mapishi yangu. Wiki iliyofuata nilificha boksi nyuma ya mafriji nikapika zangu. Pudini ikarudi. Imepinda, alisema, kama maadili ya mpishi. Nilifurahi, lakini ile shaka haikutoka.

Jumapili moja ya mwishoni mwa kiangazi alisahau kofia yake msumarini. Haikuwa kawaida yake. Wiki iliyofuata hakuja kuichukua, wala iliyofuata. Tukasikia amelazwa. Theluji ya kwanza ilipoanguka tukasikia amefariki, na kwamba binti yake amemwomba Bwana Tom chakula cha baada ya mazishi kiliwe pale baa, Jumapili, kilekile cha siku zote.

Asubuhi ya siku hiyo Bwana Tom aliingia jikoni, akafunga mlango. "Binti yake ameuliza ni nani anayepika pudini," akasema. "Sijui anataka nini. Nakuomba ubaki jikoni. Leo si siku ya mambo yako."

Nilibaki jikoni. Nilipika. Sikufungua oveni. Chakula kikaenda mezani, nikasogea kidirishani. Nimeona misiba mingi, sijaona msiba mkimya kama ule. Watu thelathini hivi wenye nguo nyeusi wanakata nyama polepole, hakuna anayemtaja marehemu, wanaongelea barabara na hali ya hewa. Meza ya dirishani waliiacha tupu kwa heshima. Kofia iko msumarini. Binti yake, mwanamke wa makamo mwenye kidevu kilekile cha baba yake, alikuwa anaitazama pudini tu, hajaigusa. Alikuwa na uso wa mama yangu siku ile ya kumzika baba.

Nikasema moyoni: kama alikuwa mtani wangu, leo ananidai. Kama hakuwa mtani wangu, leo ndiyo mwisho wa kazi, na Jumamosi zangu nitajua la kufanya nazo.

Nikavua aproni. Kajetani akanishika mkono. "Mama, usiende. Tafadhali. Watakufukuza bana."

"Niletee sahani moja meza ya dirishani," nikamwambia.

Nikatoka. Nilivuta mguu wa kushoto kama alivyouvuta yeye, nikafika dirishani, nikatungua kofia, nikaivaa, nikaketi kwenye kiti ambacho hakuna aliyethubutu kukikalia. Uma zote zikasimama. Bwana Tom, nyuma ya kaunta, alifumba macho. Nikasubiri. Nilidhani Kajetani ameniacha. Kisha mlango wa jikoni ukafunguka, akaja amenyooka ndani ya kizibao chake, akaniwekea sahani mbele, akainama kama alivyokuwa akimwinamia mzee.

Nikaigonga pudini, ngo, ngo.

"Rudisha jikoni," nikasema kwa ile sauti ya puani. "Mwambie yule mwanamke hii ndiyo iliyoniua."

Binti wa marehemu akasimama, akaja mpaka mezani, akaketi mbele yangu. Mabega yalikuwa yanamtikisika na mimi sikujua kama ni kilio au hasira.

"Ni wewe unayepika?" akaniuliza.

"Ni mimi."

"Wewe ndiye uliyemwambia ana meno mabovu."

"Ni mimi."

Akajifuta macho kwa kitambaa cha meza. Ndipo nikaona kwamba anacheka na kulia kwa pamoja. "Mama yangu ndiye aliyekuwa Mwingereza," akasema. "Baba alizaliwa Sudbury, hukuhuku Kanada, wazazi wake Wafini, watu wa Finland. Uingereza hakuwahi kufika hata siku moja. Ile sauti aliiokota kwa mama. Kila Jumapili walikuwa wanagombana kuhusu pudini, kila Jumapili ya maisha yangu. Mama alipokufa baba alikaa kimya mwaka mzima. Halafu siku moja akarudi nyumbani anacheka, anasema kuna mwanamke kwenye baa amemtukana. Ile ya kamba za kiatu tumesimuliwa Krismasi zote."

Akaigusa pudini kwa kidole.

"Hospitali alikuwa anakula kila walichompa," akasema. "Anamaliza sahani, halafu anawashukuru. Hapo ndipo nilipojua baba anaondoka."

Nililia, sioni haya kuandika. Niliikumbuka ile Jumapili ya boksi, uma na kisu vimelazwa upande mmoja, na ile asante. Na hata nikiwa nalia, mwenzenu nikawaza: Mfini! Sina historia yoyote na Wafini. Nimemtania mtu wa kabila lisilohusika miaka yote hiyo.

Baada ya hapo msiba ukachangamka. Mzee mmoja akapaza sauti kutoka meza ya mbali, akasema marehemu aliwahi kumrudishia zawadi ya harusi kwa sababu hakuipenda rangi yake. Mwingine akaongeza lake. Wakanitaka niseme tena kwa sauti ile. Nikawaambia kwetu mtani haondoki bure, lazima akombolewe, na bila hivyo kofia haivuliwi na grevi haitoki jikoni. Nikamtazama Bwana Tom. Nikadai yale maboksi yake yote, yasiingie tena jikoni mwangu. Watu hawakujua maboksi gani, lakini walipiga meza kwa ngumi mpaka akakubali. Hakunifukuza. Angeanzia wapi?

Kofia nikairudisha msumarini.

Jumapili iliyofuata nilikuwa nakata nyama, Kajetani akaja na sahani mkononi, uso wake hausomeki. "Meza ya dirishani," akasema. "Yule binti. Yuko peke yake. Anasema tafadhali, kama haitakusumbua, pudini ni ngumu kidogo."

Nikaweka kisu chini, nikaichukua sahani, nikatoka nayo mwenyewe mpaka mezani.

"Baba yako hakuwahi kusema tafadhali," nikamwambia. "Anza upya."

Akakohoa. Akanyoosha mgongo, akaigonga pudini kwa uma, akaanza upya.